"Mtandao umefungwa": nani kafunga, kafungaje, na uanzie wapi kuuliza

Katika miezi iliyofuata Mei 2025, mtandao wa X (zamani Twitter) ulipozuiwa Tanzania, dereva wa watalii aliyempokea mgeni uwanja wa ndege wa KIA angeweza kuona kitu cha kushangaza ndani ya gari lake. Simu ya mgeni, yenye laini ya Ujerumani, ilifungua X bila tabu. Simu ya dereva, iliyoshika mnara uleule, ilizunguka weee mpaka ikagoma. Sababu ni ya kiufundi. Data ya laini iliyo kwenye romingi kwa kawaida haitokei Tanzania kwenda intaneti; husafirishwa kwanza hadi kwenye mitambo ya kampuni ya simu ya huko kwao, ndipo itoke. Kizuizi kilikuwa kwenye mitambo ya kampuni za hapa, pale data ya laini za hapa inapotokea. Mnara wenyewe haukuhusika.

Tumeanza na hilo kwa sababu watu wengi wa Arusha na Moshi husema "mtandao umefungwa" wakimaanisha mambo manne tofauti: tovuti au programu moja imezuiwa, kasi imebanwa, data yote imezimwa, au chapisho na akaunti vimeondolewa. Kila moja lina mkono wake unaolifanya na sheria yake, na mlango wa kulalamikia si uleule. Ukikosea kulitambua tatizo, utapoteza wiki nzima ukimpigia huduma kwa wateja asiye na mamlaka yoyote juu ya kilichokupata.

Kuzuia tovuti kunavyofanyika

Njia nyepesi kuliko zote ni ya DNS, yaani mfumo wa majina ya tovuti. Simu yako haijui X iko wapi. Huiuliza seva ya majina ya kampuni ya simu, nayo hurudisha anwani ya IP, yaani namba ya mahali tovuti ilipo. Kampuni ikiamriwa kuzuia, seva yake hujibu kwamba jina hilo halipo, au hutoa anwani ya uongo. Jibu likiwa kwamba jina halipo, kwenye Chrome utaona "DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN". Kizuizi cha aina hii ni dhaifu, maana ukitumia seva nyingine ya majina kinapita pembeni.

Kwa hiyo mamlaka zenye nia hutumia njia ya pili, ya kusoma jina la tovuti pale muunganisho unapoanza. Tovuti karibu zote siku hizi zinatumia HTTPS, na yaliyomo hayasomeki njiani. Lakini ni kama barua iliyofungwa kwa gundi huku jina la mpokeaji likiwa juu ya bahasha: salamu ya kwanza ambayo simu huituma hutaja jina la tovuti waziwazi, katika sehemu inayoitwa SNI. Mtambo wa kuchunguza data uliowekwa ndani ya kampuni ya simu huliona jina hilo, hulilinganisha na orodha, kisha hukata mawasiliano. Hapa ujumbe hubadilika: "ERR_CONNECTION_RESET" kama mtambo umekata kwa nguvu, au "ERR_TIMED_OUT" kama umemeza pakiti, yaani vipande vya data, kimyakimya. Kubadilisha DNS hakusaidii hapa, na ndiyo maana ushauri wa "weka 8.8.8.8" (seva ya majina ya Google) uliozagaa kwenye makundi ya WhatsApp humfaa mmoja na kumwacha mwingine palepale.

Kuna pia kuzuia anwani ya IP nzima. Ni njia yenye madhara ya pembeni, kwa kuwa anwani moja ya kampuni kubwa ya kuhifadhi tovuti inaweza kubeba maelfu ya tovuti zisizohusiana. Tovuti ya shule au ya hoteli inaweza kuzama bila mtu yeyote kuwa na ugomvi nayo.

Kubana kasi ndiko kugumu kukuthibitisha. Maandishi ya WhatsApp yanapita, picha inakwama na video haianzi. Mtu analaumu bando au mawingu ya mlimani. Dalili ya kuaminika ni tofauti kati ya huduma na huduma: kipimo cha kasi kinaonyesha namba nzuri, YouTube inacheza, halafu programu moja tu inasota, saa zote, kwenye laini zaidi ya moja.

Kuzima kabisa ni habari nyingine. Hapo hakuna orodha ya majina wala uchunguzi wa pakiti. Kampuni zinaagizwa kuacha kupitisha data. Ndivyo ilivyokuwa Tanzania kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, na huduma ilianza kurudi tarehe 3 Novemba. Katika hali hiyo VPN, yaani programu inayopitisha data yako kwenye seva ya mbali ili kukwepa kizuizi, ni pambo tu, kwa sababu nayo inahitaji njia ya data ili isafiri.

Ajali na amri

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, iliharibika, na intaneti ikadorora Tanzania nzima pamoja na nchi jirani. Watu wengi waliamini ni serikali. Haikuwa hivyo, na kuna namna ya kutofautisha. Hitilafu ya mkongo hugonga nchi kadhaa kwa mpigo, na makali yake hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, kwa kuwa kila moja imenunua uwezo kwenye mikongo yake. Huduma zilizohifadhiwa ndani ya nchi huendelea kupumua. Arusha kuna kituo cha kubadilishana data cha AIXP, na data kati ya watoa huduma wanaokutana hapo haina haja ya kwenda baharini. Amri ya kuzima hugonga kampuni zote karibu saa ileile na huishia mpakani. Upande wa Kenya wa Namanga unapata, upande huu haupati.

Usitegemee hisia. Tovuti za kufuatilia hali ya intaneti za Cloudflare Radar na IODA huonyesha grafu za kila nchi, na NetBlocks hutoa taarifa pale kipimo chake kinapoanguka. Kama huna data, mwombe ndugu aliye nje azitazame na akusomee kwa simu ya kawaida.

Kupima mwenyewe hakuchukui hata robo saa. Zima Wi-Fi ya ofisi kwanza, maana ruta mbovu imeshasingiziwa kuwa ni serikali mara nyingi mno. Fungua tovuti nyingine mbili zisizohusiana. Rudia kwenye laini ya kampuni ya pili. Piga picha ya skrini inayoonyesha ujumbe wa kosa, jina la mtandao, tarehe na saa. Kisha tumia OONI Probe, programu ya bure inayojaribu kufungua tovuti na huduma za ujumbe, na kuandika kilichokatika: DNS, muunganisho, au salamu ya HTTPS. Matokeo yake huchapishwa hadharani yakiwa na muda na namba ya mtandao uliotumika, jambo linaloyafanya kuwa ushahidi bora kuliko picha ya skrini peke yake. Tahadhari moja: programu hiyo hugusa tovuti nyingi, zikiwemo zilizokatazwa, na kampuni ya simu inaweza kuona. Usiifungue kwenye simu ya mwajiri.

Nguvu iko kwenye leseni

Wengi hufikiria udhibiti wa mtandao kama swichi iliyo Dodoma au Dar es Salaam. Kwa maoni yetu, swichi ndiyo sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni leseni. Vodacom, Airtel, Yas, Halotel na TTCL zote zinafanya kazi kwa leseni chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na msimamizi wao ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Kampuni iliyowekeza kwenye minara nchi nzima haibishani na barua ya mdhibiti wake. Mfano wa wazi ni Oktoba 2020: TCRA iliziandikia kampuni zisitishe ujumbe mfupi na simu za mkupuo kuanzia tarehe 24 Oktoba hadi 11 Novemba, kipindi cha uchaguzi. Siku moja kabla ya kura, Twitter nayo ikaanza kusumbua.

Mnyororo huohuo umeshuka mpaka kwa mwandishi wa kawaida. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za Machi 2018 ziliwataka wenye blogu na televisheni za mtandaoni wawe na leseni: shilingi 100,000 za maombi, milioni 1 ya kuanzia, na milioni 1 kila mwaka. Jumla milioni 2.1 kabla hujaandika mstari. Adhabu ya kukaidi ikawa faini isiyopungua milioni 5, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Juni mwaka huo jukwaa la mijadala la JamiiForums lilijizima kwa muda likisubiri hatima yake, na wenye blogu ndogo wengi walifunga na kutokomea. Kanuni mpya zilikuja Julai 2020, zikarekebishwa 2022, na ada zikapungua. Ukitaka kuanzisha chombo cha habari cha mtandaoni leo hapa Moshi, chukua jedwali la ada linalotumika sasa kutoka TCRA, ambayo ina ofisi ya kanda Arusha. Usitumie takwimu zilizobandikwa mtandaoni miaka iliyopita.

Jambo la kuangalia zaidi ya ada ni muda. Kanuni za 2018 zilimpa mtoa huduma saa 12 kuondoa maudhui yaliyolalamikiwa. Za 2020 zilishusha hadi saa 2. Fikiria chombo kidogo chenye watu watatu kinachopokea amri saa nne usiku. Saa 2 hazitoshi kumpata wakili, sembuse kupima kama amri ina haki. Mhariri mwenye akili timamu hufuta kwanza na kujiuliza baadaye, na baada ya mwaka mmoja huwa hahitaji tena kuambiwa. Mwananchi wa kawaida haoni kilichofutwa; na habari ambayo haikuandikwa kabisa haiachi alama kwenye kipimo chochote.

Leseni ikishatolewa, inaweza kusimamishwa. Oktoba 2024 TCRA ilisimamisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications kutokana na video ya katuni. Septemba 2025 JamiiForums ilisimamishwa kwa siku 90. Vyombo vyote viwili vina mawakili na majina makubwa. Chenye kamera moja pale Soko la Kilombero hakina hata cha kukata rufaa nacho.

Wenye internet café nao wamo. Kanuni ziliwataka wawe na anwani za IP zisizobadilika, kamera za ulinzi, na daftari la watumiaji, kumbukumbu zitunzwe miezi 12. Anayechapisha vyeti na kujaza fomu za vyuo karibu na stendi ya Moshi anaweza asijue kwamba kompyuta zake 4 zinamwingiza kwenye kundi hilo.

Wewe binafsi

Huhitaji leseni ili kuandika Facebook, lakini unaandika kwa jina lako hata ukitumia la kubuni. Usajili wa laini kwa alama za vidole na namba ya NIDA ulianza Mei 2019, na laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa Januari 2020. Kutoka namba ya simu kwenda kwa mtu ni hatua fupi.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ndiyo inayotajwa zaidi kwenye vituo vya polisi, hasa kifungu cha 16 kuhusu taarifa za uongo. Adhabu yake ilipotungwa ilikuwa faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Soma maneno yake kwa utulivu: mtu awe anajua kwamba taarifa ni ya uongo au ya kupotosha, na awe na nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kudanganya umma. Yote mawili lazima yathibitishwe. Aliyesambaza kwa kuamini ana hoja ya kujitetea. Hoja hiyo hufa mara moja iwapo kwenye kundi hilohilo mtu alimwambia "hii si kweli" naye akaendelea kuisukuma.

Arusha ina kesi yake ya kukumbukwa. Mwaka 2016 mkazi mmoja alitiwa hatiani na mahakama ya hapa kwa maneno ya Facebook yaliyohesabiwa kuwa matusi kwa Rais, akatakiwa kulipa milioni 7 au kwenda jela miaka 3. Sentensi moja, milioni saba.

Kuhusu VPN, kanuni za 2020 zinakataza kutumia bila kibali teknolojia inayowezesha kufikia maudhui yaliyokatazwa. Maneno hayo ni mapana. Yanatosha kumeza hata kubadilisha DNS. Tarehe 13 Oktoba 2023 TCRA ilitangaza kwamba wanaohitaji VPN kwa kazi zao watoe taarifa, pamoja na anwani ya IP, kabla ya tarehe 30 mwezi huo. Ofisi ya utalii inayounganisha mfumo wake wa mahesabu na makao makuu Ulaya inaweza kutimiza hilo: kuna IP moja, kuna sababu, kuna kampuni. Kwa mtu binafsi anayetumia VPN ya bure yenye IP inayobadilika kila dakika, agizo hilo halitekelezeki hata akitaka. Na VPN za bure zina hatari nyingine isiyohusiana na serikali: mwenye seva anaona tovuti unazotembelea, na anayeendesha seva bila kukutoza lazima anapata fedha mahali fulani.

Pale mkono si wa serikali

Chapisho lako likitoweka, angalia kwanza ujumbe ulioachwa. Ukisema umevunja miongozo ya jamii, ni kampuni yenyewe, mara nyingi mashine yake au watu waliokuripoti kwa wingi. Kata rufaa ndani ya programu. Kwa Facebook na Instagram, ukishindwa una siku 15 kupeleka shauri kwenye Bodi ya Usimamizi ya Meta, ingawa huchagua mashauri machache mno. Ujumbe ukisema halionekani katika nchi yako kwa sababu za kisheria, hapo kuna ombi la mamlaka. Mpigie mtu aliye Nairobi. Kama yeye analiona, umeshapata jibu.

Kwa ofisi zinazoishi kwa wageni, maandalizi ni ya kawaida. Kabla ya siku zenye joto la kisiasa, tengeneza kontrol namba za mageti ya hifadhi na uzilipie mapema. Andika namba za simu za wateja na za madereva kwenye karatasi. Malipo ya kubonyeza *150*00# na ndugu zake hupita njia ya mawasiliano ya simu, si ya data, kwa hiyo yana nafasi ya kubaki yakifanya kazi wakati programu ya benki imekufa. Mashine za kadi zinazotegemea laini ya data zisihesabiwe.

Kuhoji kisheria

Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa maoni na haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari bila kujali mipaka ya nchi. Ibara ya 30 inaruhusu mipaka kwa ajili ya usalama, maadili na haki za wengine. Ugomvi wote uko kati ya hizo mbili. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao Tanzania iliuridhia 1976, unatoa maswali matatu ya kupimia: je, kizuizi kimeandikwa kwenye sheria inayoeleweka? Kina lengo linalokubalika? Ni cha lazima, na kina uwiano na lengo hilo? X ilipozuiwa Mei 2025, siku akaunti ya Polisi ilipodukuliwa na kueneza uongo, Waziri wa Mawasiliano wakati huo, Jerry Silaa, alieleza kwamba sababu ni picha za ngono zilizoruhusiwa kwenye mtandao huo. Lengo la maadili lipo kwenye Ibara ya 30. Swali la tatu ndilo linalobana: kuwafungia waandishi, wakulima wa kahawa na klabu za mpira ili kuzuia ngono, wakati tovuti za ngono zinaweza kuzuiwa zenyewe, ni uwiano?

Mahakama za ndani zinafikika, lakini tangu marekebisho ya 2020 mlalamikaji wa haki za msingi lazima aape kueleza jinsi jambo lilivyomwathiri yeye mwenyewe. Mwenye duka la mtandaoni Sakina aliyepoteza oda tano ana msimamo imara kuliko mwanaharakati anayelalamikia nchi nzima, kwa hiyo tunza oda, risiti na ujumbe wa wateja. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapahapa Arusha, lakini Tanzania iliondoa mwaka 2019 tamko lililowaruhusu wananchi wake kwenda moja kwa moja, na tangu Novemba 2020 mlango huo umefungwa kwao. Mkazi wa Arusha anaipita kwa daladala, asiweze kufungua shauri.

Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, ndani ya makao makuu ya Jumuiya, iko wazi kwa mkazi yeyote wa nchi mwanachama na haidai umalize kwanza mahakama za kwenu. Machi 2019 iliamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya. Miongoni mwa hoja ilikuwa maneno yasiyo na mipaka, ambayo msomaji hawezi kujua yanakataza nini. Kinachowaangusha walalamikaji wengi ni kalenda. Mkataba unatoa miezi 2 tangu tendo lilipofanyika au mlalamikaji alipolijua, na mwaka 2012 kitengo cha rufaa, katika shauri lililohusu Kenya, kilikataa hoja kwamba uvunjaji unaoendelea unaongeza muda. Kwa kizuizi cha tarehe 20 Mei, hati ya Agosti imechelewa hata kama tovuti bado imefungwa. Mwone wakili wiki ya kwanza, ukiwa na matokeo ya OONI mkononi, picha za skrini zenye tarehe, na majibu ya maandishi ya kampuni ya simu, hata kama yanasema tu kwamba wanashughulikia tatizo.